Nilibeba mizigo ya watu mlimani ili binti yangu asibebe. Sasa anaacha kazi akabebe wa kwake

SWALI

Mwanangu mshauri, habari za kazi. Mimi ni mzee wa Machame, Kilimanjaro. Anayeandika ni kijana wangu wa mwisho, mimi nasema naye anabonyeza simu, kwa hiyo ukikuta makosa ni ya kwake.

Nina binti yuko Marekani, jimbo la Pennsylvania. Ana miaka 27, nyumbani tunamwita Manka. Alikwenda kwa ufadhili wa masomo, akamaliza, akapata kazi maabara, karatasi zake za ukaazi zikakamilika. Ada ya huyu mdogo wake anayeandika analipa yeye, na ya mwaka huu ameshailipa yote. Bati za nyumba ninayokaa ni zake. Kwa matunzo sina la kumlaumu.

Mwezi wa kumi na mbili alipiga simu, akasema mwishoni mwa Machi anaacha kazi, anakwenda kutembea. Nikafurahi, nikidhani anakuja nyumbani. Kumbe kuna njia ya miguu huko, inaanzia jimbo la Georgia mpaka jimbo la Maine, kilomita 3,500, inapita juu ya milima, na yeye ataitembea yote kwa miezi sita, peke yake, hema na chakula mgongoni. Nikamuuliza nani anamlipa. Akasema hakuna. Nikamuuliza kwani huko hakuna mabasi. Akacheka. Mimi sikucheka.

Nilianza kupanda mlima mwaka 1987, nikiwa mgumu. Kwa wasiojua, wagumu ndio wapagazi wa Kilimanjaro. Siku hizo hapakuwa na mizani getini ya kumtetea mtu, mzigo unaopewa ndio huohuo. Nilibeba kichwani mpaka shingo ikazama mabegani. Viatu vya mtumba, koti la mvua ni nailoni iliyotobolewa pa kupitisha kichwa. Mgeni analala hemani, sisi tunajibanza pangoni, au kwenye hema la chakula wageni wakishatoka mezani. Niliacha mwaka 2009, magoti yalipokataa. Katika miaka hiyo nilimwona mwenzangu, kijana wa Kibosho, akifa kwa baridi usiku mmoja wa mvua pale kambi ya Barranco. Alikuwa amelowa tangu asubuhi. Akasema amechoka, anakaa kidogo. Alikuwa anatetemeka, halafu akaacha kutetemeka, tukadhani amepata joto. Hilo sijamsimulia Manka wala mama yake.

Kila mzigo nilioubeba nilikuwa na hesabu yake kichwani: huu ada, huu sare, huu sukari na mafuta ya taa. Nilijiambia mtoto wangu hatabeba mzigo hata siku moja. Leo huyu niliyemtoa chini ya mzigo anaununua mwenyewe dukani, kwa dola, ajitwishe. Begi tupu amenitajia bei, nikaona ni bei ya ndama. Nikamwambia, kama ulitaka kubeba mizigo ungebaki Machame tukaokoa nauli ya ndege. Akakata simu. Tangu hapo anaongea na mama yake tu. Na neno langu silifuti.

Mama yake analia. Ameshapeleka jina kwa mchungaji aombewe. Shemeji yangu anataka tuitishe kikao cha ukoo, kila mmoja ampigie, wajomba waanze. Majirani nao habari wameipata. Juzi dukani mtu ameniuliza, mzee, binti amekosa nauli?

Nataka unisaidie mambo mawili. La kwanza, hiyo njia ikoje? Yeye akiieleza ni kama anaeleza harusi, hakuna baya hata moja. Nasikia kuna dubu. Watu wabaya je? Mtoto wa kike, mweusi, peke yake porini. La pili, nimkataze kwa nguvu, hata kwa kumnyima baraka, au ninyamaze? Maana kumbariki siwezi, nitakuwa nasema uongo.

Baba Manka, Machame

(Dada, ni mimi mwandishi. Mzee ameenda kukata majani ya ng'ombe. Hajakwambia kwamba kila jioni ananiamuru nimfungulie hali ya hewa ya Georgia, na juzi alinigombeza kwa sababu siku tatu mfululizo nilikuwa namsomea ya ile Georgia nyingine, nchi iliyo jirani na Urusi.)

JIBU

Shikamoo baba.

Nianze na njia, kwa kuwa hilo ndilo swali lenye majibu.

Inaitwa Appalachian Trail, na ina wenyewe. Wazo lake lilitolewa mwaka 1921 na mtu aitwaye Benton MacKaye, ikakamilika mwaka 1937. Inapita majimbo 14, likiwemo hilo la Pennsylvania anakokaa Manka. Tangu mlima Springer, Georgia, mpaka mlima Katahdin, Maine, imewekewa alama za rangi nyeupe kwenye miti na miamba, sentimita 5 kwa 15, mtu akiipoteza moja anarudi nyuma kuitafuta. Ina vibanda zaidi ya 250 vya kulala, vingi vina kuta tatu na upande wa nne uko wazi. Kila baada ya siku tatu, nne au tano inakata barabara ya kwenda mji mdogo, na hapo watu hushuka kununua chakula, kuoga na kufua. Nimekaa Virginia, jimbo lenye kipande kirefu kuliko yote cha njia hiyo, na watembeaji utawajua tu ukiingia kwenye duka la mashine za kufulia: mwezi wa tano, jua linawaka, wao wamekaa kwenye benchi wamevaa makoti ya mvua na hakuna kingine, maana kila nguo waliyo nayo inazunguka kwenye mashine.

Hiyo "peke yake" nayo isikutishe kuliko inavyostahili. Mwishoni mwa Machi ndio msimu wenyewe, watu wengi huanza kila siku kutoka mlima uleule kuelekea upande uleule. Jioni atawakuta kibandani, kesho yake atawapita, keshokutwa watampita. Anachomaanisha ni kwamba hana kampuni wala kiongozi wa kumpangia saa ya kuamka.

Sasa tuongee kimlima. Mahali pa juu kuliko pote katika kilomita zote hizo 3,500 ni Kuwohi, mpakani mwa North Carolina na Tennessee, palipokuwa pakiitwa Clingmans Dome hadi mwaka 2024. Ni mita 2,025. Geti la Marangu liko mita 1,879. Kwa hiyo kilele cha safari nzima ya Manka kinalipita geti kidogo tu, mgeni wa Kilimanjaro akifika hapo bado yumo msituni na nyani. Hakuna kichwa kupasuka wala kutapika kwa ajili ya hewa nyepesi.

Lakini wewe unajua kwamba yule kijana wa Kibosho hakuuawa na urefu wa mlima. Mvua ya Machi na Aprili kwenye milima ile ya kusini hunyesha joto likiwa nyuzi chache juu ya sifuri, na Smoky Mountains theluji huanguka hata Aprili. Mbele kabisa, New Hampshire, kuna mlima Washington, mfupi wa mita 1,917, ambako mwaka 1934 ulipimwa upepo wa kilomita 372 kwa saa. Watu wamekufa kwa baridi mlimani pale hata miezi ya kiangazi, wametoka chini kuna jua wakadhani juu ni hivyohivyo. Hapo ndipo hatari ya kweli ilipo, na nitairudia.

Dubu wapo. Ni wale weusi, na shida yao kubwa ni chakula cha watu, ndiyo maana watembeaji hukifunga kwenye chombo kigumu au kukitundika mbali na hema. Kuua mtu kwao ni nadra sana. Mimi dubu ningemweka mwisho, mbele yake ningemweka kupe. Wewe unafuga, hili utalielewa kuliko mzazi yeyote wa mjini. Kupe wa kule hueneza ugonjwa wa Lyme, hasa kuanzia Virginia kwenda kaskazini, na yule mchanga hafiki hata punje ya ufuta. Kila jioni Manka ajikague nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani, nyuma ya masikio na ndani ya nywele. Nguo na soksi azitie permethrini kabla ya kuondoka, ni dawa ya jamii moja na ile ya vyandarua. Akiona wekundu unaotanuka kwenye ngozi, au homa na viungo kuuma, asijikaze: ashuke mji wa karibu akamwone daktari. Ukiwahiwa, unatibika kwa vidonge vya antibayotiki. Kuna pia kuhara na kutapika kunakoambukizana vibandani, na kwa huko ile jeli ya mikono haifui dafu, ni sabuni na maji.

Nikupe na kimoja cha kumsimulia mama Manka akichoka kulia. Maine kuna mto unaitwa Kennebec, mpana, na maji yake hupanda ghafla kwa sababu ya bwawa la umeme lililo juu yake. Hakuna daraja la watembeaji. Kuna mtumbwi wa bure, na ndani ya mtumbwi, kwenye sakafu yake, imepakwa ile alama nyeupe, kwa kuwa mtumbwi ndio njia rasmi.

Kuhusu watu sitakudanganya. Mauaji yamewahi kutokea njiani humo, machache mno ukiyalinganisha na watu kama milioni tatu wanaoikanyaga njia hiyo kila mwaka, wengi wao wa siku moja moja. Wanaoitembea yote wengi ni wazungu. Weusi waliowahi kuitembea wamesimulia ukarimu mwingi njiani penyewe, na wasiwasi zaidi kwenye baadhi ya miji midogo na wakati wa kusimamisha magari barabarani kuomba lifti. Hapo una ombi halali. Kwenye miji mingi ya njia hiyo kuna nyumba za wageni zinazobeba watembeaji kwa gari kwa malipo. Mwombe Manka alipe gari, asipande lifti ya mtu asiyemjua akiwa peke yake. Ombi la namna hiyo mtoto wa miaka 27 anaweza kulikubali bila kujiona ameshindwa. "Usiende" hawezi.

Na kuna jambo hukuuliza kwa kuwa hukulijua: bima. Marekani wengi bima yao ya afya imefungwa kwenye kazi, ukiacha kazi nayo inakwenda. Akipoteza ile ya kazini ana siku 60 za kujiandikisha kwenye nyingine. Muulize ameshapanga nini. Mguu ukivunjika bila bima nchi ile, bati za nyumba yako zote zikiuzwa hazigusi deni.

Tuje kwenye mzigo.

Barua yako, baba, ina sentensi chache juu ya hatari na nyingi juu ya mzigo. Nimezisoma hizo nyingi zaidi ya mara moja. Mtu ambaye shingo yake ilizama ili mwingine asome, halafu huyo mwingine aje kununua begi kwa bei ya ndama, ana haki ya kuumia, na sitakuambia uache kuumia. Ninachokuomba ni kuipima tena mizigo hiyo miwili, kwa mizani ile ambayo ninyi hamkuwa nayo getini. Mzigo wako ulikuwa na mwenyewe. Nyuma yako kuna mtu anakuharakisha, mbele kuna mtu anakungoja umsimikie hema kabla hajafika. Mzigo wa Manka utakuwa kilo kati ya 10 na 15 pamoja na chakula, na saa nne asubuhi akitaka kuutua, akakaa juu ya jiwe akala karanga na kutazama bonde, hakuna wa kumkata posho. Kwa mtu wa pale dukani, anayeona mgongo na begi tu, hayo ni mambo yaleyale. Wewe ndiye mtu wa pekee katika ukoo anayejua hasa yalivyo tofauti, kwa hiyo usimwachie mtu wa dukani akuamulie.

Hivi unajua kwa nini anakwenda? Mimi sijui. Nawe barua yako haisemi. Maswali mawili uliyomuuliza yalikuwa nani anamlipa na kwani hakuna mabasi. Yote ni ya mgumu, na kwa mgumu ni maswali ya akili kabisa, lakini hakuna hata moja lililomuuliza Manka habari za Manka.

Watu wanaingia njia hiyo kwa mambo mazito kuliko tunavyodhani. Wa kwanza kuripoti kuitembea yote kwa mkupuo mmoja, mwaka 1948, alikuwa Earl Shaffer, askari aliyerudi kutoka vita vya Pasifiki, akasema alitaka kutembea mpaka jeshi limtoke mwilini. Mwaka 1955 akaja Emma Gatewood, mwanamke wa miaka 67, mama wa watoto 11, aliyekuwa ameishi miaka mingi na mume wa kumpiga. Alibeba mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe, miguuni raba za turubai, na wanawe aliwaambia anakwenda kutembea, basi. Akaimaliza. Kule aliyeondoka bila maelezo ni mama, na watoto ndio waliobaki na maswali. Manka alau kakupigia simu miezi mitatu kabla.

Kikao cha ukoo, hapana. Mchungaji aombe, maombi hayajawahi kumdhuru msafiri, ila namba ya Manka asipewe. Wajomba saba wakimpigia kwa zamu hawatamzuia. Mtu aliyeshaaga kazini na kununua hema hazuiliki kwa simu. Watakachofanikiwa ni kumfundisha kutopokea. Na kwa miezi hiyo sita, kitu kimoja ndicho unachokihitaji kutoka kwake kuliko vyote: akiwa na shida, nyumbani pawe ni mahali pa kupiga.

Kuhusu baraka, usiseme uongo. Nani amekwambia baraka lazima iwe na maneno ya kusifu safari? Mpigie wewe mwenyewe, si kupitia kwa mama yake. Fanya hivyo mapema, usingoje usiku wa kuamkia safari, maana simu ya usiku huo mtu huisikia kama mkosi. Muulize kwa nini, kisha umwache amalize. Halafu msimulie kijana wa Kibosho kama ulivyonisimulia mimi, hadi hapo alipoacha kutetemeka mkadhani amepata joto. Madaktari wataandika kurasa kadhaa kueleza jambo hilo, wewe ulilisema kwa sentensi moja, na ndilo litakalomfanya asimamishe hema saa nane mchana badala ya kujikokota na mvua mpaka jioni. Lakini ukimaliza kusimulia, nyamaza. Ukiongeza "kwa hiyo usiende", atasikia hilo la mwisho tu na kijana wa watu atakuwa amekufa bure mara ya pili.

Kisha mwambie awashe video, amwage begi lake kitandani, akuonyeshe kimoja kimoja. Muuzaji wa duka alimuuzia. Wewe umelala juu. Muulize nguo kavu ya kulalia iko wapi, ile isiyovaliwa mchana hata mvua inyeshe vipi, na imefungwa ndani ya nailoni au imeachwa hivihivi. Muulize soksi za usiku. Mwambie kucha za miguu zikatwe kabla ya kuteremka mteremko mrefu, la sivyo zitang'oka zenyewe. Viatu atabadilisha jozi nne au tano mpaka Maine, na miguu huvimba, kwa hiyo vya mwanzo viwe na nafasi. Mengine atakucheka, atakwambia siku hizi kuna kitambaa cha hivi na vile. Mwache akucheke. Atakuwa amekaa saa nzima na baba yake wakipanga begi, jambo ambalo nadhani halikuwahi kutokea miaka yote uliyokuwa ukipanda.

Mawasiliano yapangeni kwa hesabu, la sivyo mama Manka atamaliza kitambaa cha kichwa kwa machozi. Milimani mtandao ni wa kubahatisha, siku nne au tano bila simu ni kawaida kabisa. Kuna kifaa kidogo cha setilaiti, kinaingia mfukoni. Hutuma ujumbe mfupi wa "nimefika" pale pasipo na mtandao, na kina kitufe cha dharura. Hicho kisikosekane, na kama anasita kwa sababu ya gharama, hapo ndipo mnapoweza kuuza kitu mkamchangia. Mjue pia kwamba akisimamisha hema saa mbili usiku, Machame ni saa tisa usiku, kwa hiyo ujumbe mtausoma asubuhi, msikae macho. Awepo mtu mmoja Marekani mwenye ratiba yake, na namba ya mtu huyo muwe nayo. Kubalianeni ni baada ya siku ngapi za kimya ndipo mtu aanze kuuliza, muiandike ukutani, mama asianze siku ya pili.

Na jambo ambalo huenda Manka mwenyewe hapendi kulitaja: wanaoanza kwa nia ya kumaliza, ni kama robo tu wanaofika Katahdin. Wengine magoti, wengine fedha, wengine ugonjwa, wengine wameamka tu siku moja mvua ya tisa mfululizo wakasema imetosha. Kwa hiyo yawezekana sana mwezi wa tano au wa sita akapiga simu kutoka mji fulani akasema anarudi. Yatafute maneno ya siku hiyo kuanzia leo, na "si nilikwambia" yasiwemo. Ninyi mlikuwa mnawateremsha wageni waliogeukia kambi ya Barafu, na getini mliwaimbia sawa na waliofika kilele cha Uhuru. Mwanao apate angalau alichokuwa akipata mgeni.

Lile neno la nauli ya ndege umesema hulifuti. Sawa, lisifutwe, si baya kihivyo, hata mimi limenichekesha. Ila kwa sasa ndilo la mwisho alilosikia kutoka kwako, na Machi inakuja. Liongezee jingine. Aliyekuuliza dukani mwambie nauli anayo.

Umri wako na magoti yako usiyatumie. Naona hujayatumia kwenye barua, nakusifu kwa hilo. Wazazi wengi wangekuwa wameshaugua kufikia hapa. Presha ya mama Manka ikipanda kweli, aende hospitali, asipelekewe Manka kama hoja.

Na wewe kijana unayeandika, una kazi tatu. Ukimfungulia mzee hali ya hewa usitafute Atlanta, ni mbali na chini. Tafuta Blairsville, Georgia, halafu mwambie mlima Springer uko juu zaidi, kama mita 1,150, joto alipunguze mwenyewe, anajua kuipiga hesabu hiyo kuliko simu. Namba ya yule mtu wa Marekani iandike kwenye karatasi, simu huzima. Na ukimsomea majibu haya, ya kupe yasome mara mbili, kisha umtumie dada yako.